Mpelekaji Yupo, Lakini Hacheui

Siku niliyoagwa kazini, vijana wa ofisi, mlinipa kitenge, beseni la maua na saa ya ukutani. Saa nimeitundika jikoni, ingawa mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu anapewa saa awahi wapi. Kisha mkaniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu nilikotoka. Nadhani mlitegemea nitasitasita kwanza, kama mama mkwe anayekaribishwa chai. Wapi! Nilikuwa nimesubiri kuombwa kwa miaka.

Vyeo sitavieleza, maana vilikuja kwa kuchelewa na vikaondoka kwa wakati. Mishahara ndiyo kabisa, tusiharibu siku. Nataka kuwaeleza neno moja tu ambalo mmelisikia kinywani mwangu kila asubuhi, mkalicheka, na wengine mkaniiga nikiwa nimegeuka. Nikiingia chumba cha seva, kabla ya kuweka mkoba chini, nauliza: "Wanacheua?" Nyie mnatazama kioo chenye taa za kijani, mnajibu kwamba zote ni kijani. Mimi sijauliza rangi.

Nilifika Dodoma miaka ya tisini, enzi za ruksa, wakati kila mwenye mtaji kidogo na ujasiri mwingi alikuwa anafungua kitu. Mwingine alifungua duka la mitumba, mwingine studio ya picha, na mhandisi mmoja aliyeitwa Ndahani, Mgogo aliyesoma kompyuta ughaibuni akarudi nayo kichwani, akafungua kituo cha mawasiliano karibu na stesheni ya reli. Tangazo lake la kazi lilitaka mtu anayejua kompyuta na asiyeogopa vumbi. Kompyuta nilikuwa nimejifunza. Vumbi, sisi watu wa Tanga tulikuwa tunalijua kwa kusikia tu.

Siku ya kwanza nilimkuta Mhandisi Ndahani amepiga magoti mlangoni, anasokota kanga iliyolowa maji na kuipanga kwenye upenyo wa chini ya mlango. Nilidhani bomba limepasuka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ruka, usiikanyage. Upepo wa hapa unakula diski kama mchwa anavyokula boriti."

Akasimama, akajipangusa, ndipo tukasalimiana sawasawa. Na kusalimiana na Mgogo si jambo la kufanya huku unatembea. Alianza na mimi, akaenda kwa wazazi wangu, akapita kwa wadogo zangu, akauliza mvua ya Tanga, akauliza minazi. Nilikuwa na hamu ya kuiona hiyo mashine hadi miguu inawasha, naye bado yuko kwenye minazi.

Hatimaye akanifungulia. Jamani, nilivyoiona! Leo simu iliyo mfukoni mwako ina nguvu kuliko ile seva mara nyingi sana, lakini siku ile ilikuwa imekaa juu ya meza ya mninga, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa kama cha kufunikia redio, inanguruma polepole, na pembeni yake modemu inapepesa vitaa vyekundu. Modemu ndiyo iliyounganisha kompyuta na laini ya simu. Mtu anakuja kaunta na ujumbe wake, Zuhura wa mapokezi anauchapa, seva inaupokea na kuuhifadhi. Kisha kila baada ya muda seva yenyewe inapiga simu Dar es Salaam na kuupeleka, na kutoka huko unaweza kufika Uholanzi kabla mtumaji hajamaliza soda yake. Nilipoona ujumbe wa kwanza unaondoka, nilipiga makofi peke yangu. Zuhura alinitazama kama aliyeletewa mgonjwa.

Mhandisi akanieleza kwamba kazi kubwa haifanywi na kinachoonekana kwenye skrini. "Ukienda kwenye harusi," alisema, "unaona pilau limeletwa. Wapishi huwaoni, wako uani na moshi wao. Humu ndani pia wamo wapishi." Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wapishi wake walikuwa wanne, programu nne zinazofanya kazi nyuma ya pazia kutwa kucha, na zote alikuwa amezipa majina ya Kiswahili: Mpokeaji aliyepokea ujumbe, Mpangaji aliyeupanga foleni, Mpelekaji aliyepiga simu na kuupeleka, na Mchapaji aliyechapa majibu kwenye karatasi ili wenyewe waje kuyachukua.

Basi kila asubuhi tuliita mahudhurio. Msicheke. Mhandisi aliwahi kuwa kiranja wa darasa, na naona ugonjwa ule hauponi. Anaandika amri kwenye kibodi, orodha ya programu zinazoishi inajitokeza kwenye skrini, naye anaita kwa sauti ya paredi.

"Mpokeaji?"

"Yupo!" tunajibu mimi na Zuhura.

"Mpangaji?"

"Yupo!"

Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wateja wa alfajiri walishazoea, wakawa wanaitikia nao wakiwa kwenye benchi. Kulikuwa na padri mmoja aliyeitikia kwa sauti nzuri kuliko sisi sote. Wakishajibiwa wote wanne, Mhandisi anasema "Wote wapo," tunakunywa chai na maandazi, siku inaanza. Nilikuwa naipenda ile desturi kupita kiasi. Ilinipa raha ya kuamini kwamba mambo yamekaa sawa.

Sasa nifike kwa Daktari Mwajuma.

Huyu alikuwa daktari wa mifugo wa Mpwapwa, mwanamke mrefu, mwenye buti za mpira hata mjini, ambaye tangu siku tunafungua kituo alikuwa mteja wetu mwaminifu. Asubuhi moja, upepo ukiwa umeanza mapema, aliingia na vumbi lote la njia ya Mpwapwa mabegani. Ndiyo kwanza tulikuwa tumemaliza kuita mahudhurio.

"Jamani, hamjambo?"

"Hatujambo, Daktari. Karibu chai."

"Chai baadaye. Oda yangu ya chanjo niliyoileta Jumatatu, imejibiwa?"

Zuhura akapekua majibu yaliyochapwa. Hakuna. Daktari akakaa kwenye benchi, akavua kofia, akatueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo chai yetu ilivyopoa. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeonekana upande wa Chemba, ambako siku hizo hakukuwa bado makao ya wilaya. Alizunguka boma kwa boma akiwaomba wafugaji walete mifugo yao mahali pamoja siku ya Ijumaa wachanjiwe. Wengi hawakumwamini. Waliwahi kuahidiwa chanjo nyuma, wakaswaga ng'ombe kutwa nzima, likaja gari tupu. Safari hii aliwaapia kwa jina la mama yake. Na hiyo siku ilikuwa Jumatano.

"Wameshaanza kuondoka kwenye maboma yao," alisema. "Sina namna ya kuwarudisha. Wakifika Ijumaa wasikute dawa, kila mtu ataswaga wake kuelekea kwenye maji anakokujua, na ugonjwa utakwenda nao. Na mimi hawataniita tena hata ng'ombe akifa mlangoni."

"Umejaribu simu?" Mhandisi akauliza.

"Simu ya bohari ya Dar inaita mpaka inachoka. Faksi yao imekufa. Wenyewe ndio walioniambia nitumie kompyuta, ndiyo ya kisasa."

Mhandisi akageukia skrini, akaita tena mahudhurio, safari hii kwa sauti ya chini. Mpelekaji yupo. "Unaona, Daktari? Upande wetu wote wapo. Labda ni wao hawajajibu."

Ningekuwa mteja ningeaga. Daktari Mwajuma aliinuka, akafungua kile kimlango cha kaunta ambacho hakuna mteja aliyewahi kukifungua, akaja kusimama nyuma yetu na buti zake.

"Nionyesheni huyo Mpelekaji."

Nikamwonyesha jina lake kwenye orodha.

"Mnajuaje kama anafanya kazi?"

"Si huyo hapo," nikasema. "Angekuwa hafanyi kazi asingekuwepo."

"Dada, wewe si mfugaji." Hakusema kwa ukali. "Nikiingia zizini siulizi kama ng'ombe wapo. Mwenye homa ya mapafu naye yupo, tena amesimama. Ametanua viwiko vya mbele, amenyoosha shingo, ukipita kwa haraka unasema huyu mzima. Mimi nakaa, namtazama kama anacheua. Ng'ombe asiyecheua, hata akisimama mpaka jioni, huyo hayupo. Sasa huyu wenu mnamwonea wapi akicheua?"

Nakumbuka upepo ukigonga bati, na Mhandisi akijikuna kidevu. Mimi nilikuwa nimekazia macho skrini, na ghafla nikapaona pa kutazama. Mbele ya kila jina kwenye ile orodha palikuwa na tarakimu ambazo hatukuwahi kuzisoma, kwa sababu mahudhurio hayahitaji tarakimu. Zilikuwa zinaonyesha kila programu imetumia ubongo wa mashine kwa muda gani tangu iwashwe. Programu inayofanya kazi, tarakimu yake lazima ipande. Isiyofanya, inabaki pale pale.

"Zuhura!" nilisema, na naomba radhi kwamba nilipiga kelele. "Shika tarakimu hizi kichwani. Halafu andika ujumbe wowote, utume."

"Nimwandikie nani?"

"Mwandikie mama yako!"

Akaandika. Mchapaji tukampa karatasi ya kuchapa. Tukangoja kidogo, nikaandika amri upya, orodha ikashuka. Zuhura, ambaye kichwa chake hakijawahi kupoteza kitu, akasoma. Mpokeaji, imepanda. Mpangaji, imepanda. Mchapaji, imepanda. Akafika kwa Mpelekaji, akasoma, akasoma tena.

"Ile ile," akasema. "Huyu hacheui."

Nieleze furaha iliyonipata? Shida ilikuwa kubwa na Daktari alikuwa karibu kulia, lakini mimi mwili mzima ulinisisimka. Tulikuwa tumemwona! Siku mbili tulikuwa tunaitikia kwa niaba ya maiti, kama wanafunzi wanavyomwitikia mwenzao aliyetoroka shule. Mhandisi aliangua kicheko, kicheko cha mtu aliyesoma sana na bado anafurahi kufundishwa, kisha akavuta kiti.

"Umeme ulikatika Jumatatu mchana," alisema. "Ukarudi vibaya. Modemu imewaka taa lakini imezimia, na Mpelekaji ameshika simu anasubiri iitikiwe. Atasubiri mpaka kiama. Tunu, muue."

Kuua programu ndivyo tunavyosema, na bado mnasema hivyo. Vidole vyangu vilikuwa kwenye kibodi lakini havikushuka.

"Na ujumbe wa Daktari? Kama ameushika mkononi je?"

"Ameuacha kwenye diski. Haubebi mpaka simu iitikie. Muue."

Nikamuua. Orodha ikabaki na majina matatu, na kwa mara ya kwanza nikaona heri ya kutokuwepo. Nikazima modemu, nikaiwasha, nikamwita Mpelekaji mpya. Akakataa. Nikamwita tena, akakataa tena. Kumbe marehemu alikuwa ameacha kufuli: Mpelekaji anapoanza kazi huweka alama kwenye diski kuonyesha laini ina mwenyewe, ili wawili wasiivamie pamoja, na akimaliza huiondoa. Huyu alikufa nayo. Ilibidi niitafute, niifute kwa mkono. Vijana, liwekeni hili akilini: ukishaua, kagua na mlango, huenda marehemu aliufunga kwa ndani.

Safari ya tatu akakubali. Modemu ikaanza ule mlio wake, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria, na chumba kizima kikaegemea mbele, hata padri alikuwa ameshaingia nyuma ya kaunta. Laini ikakatika. Ikapiga tena, ikakatika. Daktari Mwajuma alikuwa amenishika bega, na kila ikikatika anaminya. Ikapiga tena, ikakwangua, ikakwangua, ikatulia. Kutulia kule maana yake modemu yetu na ya Dar zimeelewana. Ujumbe ukaanza kuondoka.

Tukakuta mbele ya foleni kuna ripoti ya mshauri mmoja wa mradi, yenye picha za visima kutoka kila upande. Ingepita ile kwanza, tungekuwa pale mpaka jioni. Mhandisi, mtu wa kuheshimu foleni mpaka kanisani, alikunja mikono ya shati, akaivuta oda ya chanjo akaiweka mbele. "Visima havina homa," alisema.

Oda ikaenda. Tukakaa. Zuhura akapasha chai upya, na sasa Daktari akainywa, ingawa sidhani kama aliionja. Mimi sikukaa, nilikuwa naandika ile amri tena na tena, natazama tarakimu ya Mpelekaji ikipanda, naisoma kwa sauti. Mchana, Mchapaji akashtuka, akaanza kukereza karatasi. Daktari hakuingoja ikatike, aliisoma ikiwa bado mdomoni mwa mashine. Bohari imepokea oda, chanjo zinapandishwa treni ya jioni ndani ya maboksi ya barafu. Aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani, akamkumbatia Zuhura, akanikumbatia mimi, akamwangalia Mhandisi, akaamua kumpa mkono.

"Ijumaa twende wote Chemba," aliniambia. "Ukaone ulichokipeleka."

Mhandisi akaniruhusu. Alhamisi treni iliingia, tukapokea maboksi kama watu wanaopokea bibi harusi, na Ijumaa alfajiri nilikuwa kwenye Land Rover ya mifugo, boksi moja nimelipakata. Nilikuwa na wasiwasi wa mtu asiyejua anachokwenda kukuta. Tulipokaribia nikaona vumbi limesimama juu ya miti. Nikadhani ni upepo. Walikuwa ng'ombe. Walikuja, jamani, Wasandawe, Warangi, Wagogo, Wabarbaig, kila mmoja na mifugo yake na shaka yake, wamesimama kimya wanatazama gari. Daktari hakusalimia mtu. Alishuka, akafungua boksi la kwanza, akainua chupa juu ili wote waione.

Walichanja kutwa, ng'ombe mmoja mmoja wakipitishwa kwenye kibanio cha magogo. Mimi nilipewa kazi ya kukabidhi chupa. Mama mmoja wa Kigogo, mwenye ng'ombe wachache waliokonda, alisimama karibu yangu muda mrefu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu.

"Na wewe mganga wa ng'ombe?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa kompyuta."

Akaifikiria hiyo. Nikajiandaa kueleza kompyuta ni nini, lakini hakuwa na haja nayo.

"Mara ile tulikuja, hamkuja," akasema. "Safari hii mmekuja. Basi tukiitwa tena, nitakuja." Akaswaga wake kwenda kivulini.

Nilirudi Dodoma na jambo moja kichwani. Niliandika programu ndogo, si ya kujivunia kwa ufundi, ambayo kila saa inatuma ujumbe mfupi, inaufuata kutoka kwa Mpokeaji mpaka kwa Mchapaji, na usipotokea upande wa pili inapiga kengele. Nikaipa jina Cheua. Mhandisi hakuita mahudhurio tena. Kila asubuhi aliuliza swali ambalo mmelisikia kwangu. Mashine zimebadilika, modemu zimekwenda makumbusho, kituo kikauzwa na mimi nikahamia seva za vyuo hadi Chimwaga, lakini kila nilikokwenda nilikwenda na Cheua. Mhandisi Ndahani alifariki miaka mingi baadaye. Makaburini tuliimba vizuri, ila mimi nilitamani mtu aite majina.

Nimalizie na habari ya juzi. Wiki za kwanza za kustaafu mlinipigia sana, na nawashukuru. "Mama Tunu, upo?" Nipo. "Hujambo?" Sijambo. Mkafurahi, mkakata simu. Na kweli nilikuwepo. Nilikuwa nashinda jikoni chini ya saa yenu, nimevaa vizuri, nimesimama shingo mbele, na siku zinapita hakuna kinachopanda. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Kisha akapiga Daktari Mwajuma. Amestaafu siku nyingi, yuko kwake Mpwapwa na mbuzi wake.

"Mwenzangu, hujambo?"

"Sijambo, Daktari."

"Hilo nimelisikia. Unacheua?"

Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena, naye akaningoja bila kukata. Nikamwambia ukweli, kwamba sicheui. Akasema niwashe modemu basi, nitafute na kufuli. Jioni ile ile nikachukua simu, nikawapigia nyie, nikauliza kama ile kazi ya kuandika mliyoniomba kwenye sherehe, niliyoikubali upesi kisha nikaiweka, bado mnaitaka.